Mchele Ndani ya Bastola

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini leo nitajisifu, na asiyependa afunge ukurasa. Hapa London, wanunuzi wa silaha za kale wakibishana juu ya bei hadi sauti zikapanda, mara nyingi hutokea mmoja akasema, basi, mwulizeni yule mama wa Tanga. Mama wa Tanga ni mimi. Nikishataja bei, kelele hupungua. Wapo wanaonuna, lakini hununa kimyakimya, na baada ya muda utawaona wamerudi na bastola nyingine mkononi.

Nieleze kwanza, maana nyumbani nikisema kazi yangu ni kuthamini bastola zilizotumika, shangazi zangu hushika vifua. Nchi hii mtu wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola. Lakini zipo zile kongwe zenye silinda inayozunguka, za zamani kiasi kwamba hata risasi zake hazitengenezwi tena. Hizo sheria inakuruhusu uziweke nyumbani kama pambo, mradi zibaki pambo. Watu huzirithi, huzikuta darini, huziuza, hugombania. Nyumba ya mnada ninayofanyia kazi hunituma mimi kwenda kusema ipi ni ya bei gani.

Bastola ya namna hiyo unaikagua kama unavyokagua koti la mtumba: huanzi na mbele, unageuza upande wa ndani. Mbele kila mtu amekwisha kupang'arisha. Mimi natafuta namba zilizogongwa kwenye vipande vyake, nione kama zinafanana, maana wapo wajanja wanaovunja bastola tatu wakaunga moja. Napitisha ukucha kwenye maandishi ya kiwanda. Yakiwa laini, mtu ameisugua kwa bidii yake yote, na kila alipoisugua aliipunguza bei bila kujua. Kisha nafumba macho, navuta nyundo yake polepole kwa dole gumba, na nasikiliza silinda inavyozunguka na kujifunga.

Kusikiliza nilifundishwa Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga, na baba yangu, fundi cherehani. Nilipokuwa mdogo alinikalisha kwenye kigoda, akanifumba macho kwa kitambaa cha mteja, akazungusha gurudumu la cherehani na kuniuliza linakwama wapi. Nikikosea alirudia bila kusema neno. Nikipatia alisema "haya", akaendelea na kazi yake, na hiyo "haya" ilinitosha mpaka jioni. Alipofariki nilirithi bisibisi zake ndogo zenye mipini ya mpingo. Ninazo mpaka leo, ninazitumia mpaka leo, na mtu wa ofisini akizigusa bila ruhusa ananiudhi siku nzima.

Nina mazoea mawili ambayo wenzangu hunicheka nayo. La kwanza, sihesabu thamani kwa pauni. Nahesabu kwanza kwa vitu vya kwetu: hii ni bei ya baiskeli, hii ni bei ya cherehani mpya, hii ni pikipiki, hii kiwanja. Nikishajua ni kitu gani, pauni zinakuja zenyewe. La pili, sitaji bei ya mtu kabla sijanywa naye chai. Ngamiani huwezi kuingia dukani kwa mtu ukaanza na "bei gani?" kama polisi. Unauliza hali, unauliza watoto, kikombe kinakuja, ndipo bidhaa inateremshwa. Wenzangu wanaona napoteza muda. Kumbe wakati chai inanywewa ndipo mwenye mali husema kwa nini anataka kujua bei, na mimi bila kujua hilo nakuwa nusu kipofu.

Basi siku moja simu ikalia ofisini, msichana wa mapokezi akaniambia kuna bibi anataka kuongea na "mtu wa Tanga", hataki mwingine. Nikachukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekula chumvi nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kabisa. "Wewe kweli wa Tanga, au wanasema tu?"

"Wa Tanga, mama. Ngamiani."

"Barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Akanyamaza kidogo kama anayeitembelea barabara yenyewe. "Haya," akasema. "Mimi nilikuwa na duka la nguo upande wa sokoni. Nina bastola ya marehemu mume wangu. Nitaitia kwenye mfuko wa nguo, nipande treni, nitashuka Baker Street, wewe unipokee hapo."

Nilipiga kelele mpaka ofisi nzima ikageuka. "Mama! Usitoke nayo hata mlangoni! Kaa nayo hapo hapo, nakuja mimi."

"Kwani nitampiga nani?" akauliza, na nikasikia anacheka.

Alikuwa anakaa Harrow, pembezoni mwa London, kwenye moja ya zile nyumba pacha zenye ukuta mmoja kati, bustani ndogo mbele, viatu vimepangwa mlangoni. Aliyenifungulia ni mwanawe mkubwa, mwanamume wa makamo, mhasibu, mwenye simu mkononi na miwani juu ya kichwa. Alinikaribisha kwa Kiingereza kizuri cha mzaliwa wa London, akaniambia wazi kwamba anataka jambo hili liishe leo. Nyuma yake alitokea mama yake, mfupi, sari ya rangi ya maji ya bahari, sweta juu yake, soksi nene miguuni. Alinitazama usoni kwanza, halafu akatazama kisanduku changu cha vifaa.

"Wa Ngamiani," akasema. "Ingia. Chai iko tayari."

Ndipo nilipojua huyu mtu tutaelewana.

Tulikaa kwenye chumba cha vioo cha nyuma ya nyumba. Chai ilikuwa ya maziwa, imechemshwa na tangawizi na iliki, na bajia za moto. Mwana alijiweka kwenye meza ya chakula, hatua chache kutoka kwetu, akafungua kompyuta yake akawa anagongagonga. Mama akanieleza kwa Kiswahili, polepole, hakunificha kitu.

Bastola ilinunuliwa Tanga na babu wa mumewe, kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwahi kupigwa hata mara moja. Ilikaa kwenye kabati la duka, ikahama na familia, ikaingia Uingereza na karatasi zake. Mume alipofariki aliacha maneno kwamba nyumba ni ya mama, na vitu vya ukoo, pamoja na bastola, ni vya watoto wake wawili wa kiume.

"Sasa huyu," akasema, akimwonyesha kwa kidevu, "anaiogopa. Anasema wajukuu watakuja kuichezea, majirani wataona, sijui bima. Mdogo wake yeye anataka iuzwe wagawane. Wamekubaliana: ikiwa na bei, iuzwe. Ikiwa haina bei, ipelekwe polisi ikayeyushwe."

"Na wewe, mama, unataka nini?"

"Naitaka mimi." Alisema bila kupepesa. "Nimewaambia nitainunua kwao. Wakacheka. Wakaniuliza, kwa bei gani? Nikasema, kwa bei atakayosema mtu anayejua. Wamekubali. Ndiyo maana nimekuita."

Nikamuuliza kwa nini anaitaka. Wateja wengi nikiwauliza hivyo hunipa hadithi za vita. Yeye alinijibu kwamba alipoolewa, nyumba ile ya Tanga ilikuwa imejaa watu na kila kitu ndani yake kilikuwa cha mtu mwingine. Jiko lilikuwa la mama mkwe, duka la baba mkwe, hata kitanda alikikuta. Ilipofika Dasara, sikukuu ambayo wao Wahindu huviombea baraka vyombo vya kazi na silaha za nyumba, mama mkwe alimpa bastola mikononi akamwambia, kuanzia leo hii ni kazi yako. Akawa yeye ndiye anayeifuta, kuiweka kwenye kitambaa chekundu na kuitia alama ya baraka. Kila mwaka, Tanga na baadaye Harrow, mpaka mwaka ule mumewe alipofariki.

"Ndiyo kitu cha kwanza nilichoaminiwa," akasema. "Halafu waniyeyushie."

Kisha akaniambia alicho nacho. Ana fedha zake mwenyewe, si za mume, si za watoto, alizopata kwa kukaanga bajia na kachori za harusi za watu, hapo hapo Harrow, mpaka magoti yalipomkatalia. Alitaja kiasi. Moyoni nikakibadilisha kwa hesabu yangu: baiskeli moja nzuri ya mtumba, na chenji ya kufuli. Nikaomba Mungu bastola yenyewe iwe ya bei ya baiskeli.

Akaileta ikiwa imefungwa kwenye hariri. Niliifungua, nikaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa kazi ya kiwanda cha heshima, yenye ule weusi wa buluu ambao siku hizi hakuna anayeutoa tena. Namba zake zilifanana kuanzia fremu mpaka silinda. Maandishi yalikwaruza ukucha. Risasi zake ni za aina iliyokwisha kuachwa, kwa hiyo sheria ilikuwa upande wetu. Kwenye fremu, juu tu ya silinda, kulikuwa na doa jekundu lililokolea, la ukubwa wa kidole, mahali alama ya baraka ilipowekwa miaka na miaka.

Lakini haikuzunguka. Nilivuta nyundo, ikagoma. Nilijaribu silinda kwa vidole, ikakaa kama imechomelewa. Na kwenye kingo za silinda niliona alama za meno ya chuma, mpya kabisa.

"Nani kaikamata hii kwa koleo?" Niliuliza kwa Kiingereza, na sikuuliza kwa upole.

Kwenye meza ya chakula, kugongagonga kulisimama. Mhasibu akatazama dari. Alisema alitaka tu kuona kama inafanya kazi, na kwamba kwa maoni yake imeshikwa na kutu ndani, haifai kitu.

"Ungeivunja," nikamwambia.

Nikawasha taa yangu ndogo, nikaweka kioo cha kukuzia jichoni, nikachungulia pengo jembamba lililo kati ya mgongo wa silinda na ukuta wa fremu. Nilitarajia kutu. Kutu naijua, ina magamba. Hii haikuwa na magamba. Ilikuwa kitu cha rangi ya kahawia kinachong'aa kidogo, kama gundi iliyokauka, na ndani yake vitu virefu vyembamba vimelala kwa safu, vyekundu vyekundu. Nikachukua kijiti cha kuchokolea meno, nikagusa kimoja, kikatoka. Nikakiweka kwenye kiganja.

Punje ya mchele.

Niliigeuza kwa ncha ya kijiti. Halafu nikaelewa yote kwa mara moja.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili. "Hii bastola haijashikwa na kutu."

"Imeshikwa na nini?"

"Mchele."

Akaweka kikombe chini. "Mchele gani?"

"Wako."

Akautazama mkono wake wa kulia, akauacha wazi juu ya paja. Hakuhitaji kuelezwa. Kwenye Dasara alikuwa anaifuta kwa samli, anachovya kidole kwenye unga mwekundu, anaitia tika, ile alama ya baraka, juu ya fremu, kisha anabandika punje za mchele kwenye ile tika mbichi, kama anavyowatia watu kwenye vipaji vya nyuso. Punje zilizobanduka zilidondokea kwenye pengo. Samli ilizifuata, ikaganda. Mwaka unaofuata, nyingine. Baraka zote za ndoa yake zilikuwa humo ndani, zimeifunga silinda kwa nguvu kuliko koleo la mwanawe.

"Basi ni mimi nimeiharibu," akasema, na sauti ikamshuka.

"Hujaiharibu. Ile samli ndiyo iliyozuia kutu. Bastola ngapi zimetoka pwani zikiwa zimeliwa na chumvi? Hii yako ndani ni mpya." Nilikuwa namwambia kweli, simpaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa nilikuwa na kazi ngumu kuliko ya kijiti. Mimi sifungui skrubu ya mali ya mtu wala sitoi kitu ndani yake bila ruhusa ya aliyeniita, hiyo ni kanuni. Na hapa kila nitakachofanya kilikuwa na bei yake. Nikasogeza kiti karibu, nikapunguza sauti, ingawa tulikuwa tunaongea Kiswahili na mwana alikuwa amekwisha kurudi kwenye kompyuta yake.

"Nisikilize vizuri, mama. Ikibaki hivi, imekwama, na alama za koleo, bei yake ni ya baiskeli. Fedha zako za bajia zinatosha, unaichukua leo. Nikitoa huu mchele, itazunguka. Ikizunguka kama ninavyodhani, ni bei ya pikipiki. Fedha zako hazitafika hata nusu."

Akageukia bustani. Nje ya vioo kulikuwa na kamba ya nguo, mashati ya wajukuu yakipepea.

"Ukiandika imekwama, utakuwa umesema uongo?"

"Imekwama kweli, unaiona. Ila mimi najua kilichoikwamisha, na najua kinatoka."

"Na mimi sasa najua."

"Na wewe sasa unajua."

"Na huyu hajui." Akamtazama mwanawe mgongoni, ile kola ya shati, ule upara unaoanza.

"Hajui."

Sitadanganya, nilitamani aseme niache. Nilikuwa nimeshakula bajia zake. Nilikuwa nimeshaiona ile nyumba ya Tanga ambamo kila kitu kilikuwa cha mtu mwingine. Kama angesema niache, sijui ningefanya nini na jina langu, na nashukuru sikulazimika kujua.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeuza bajia kwenye harusi za watu nisiowajua hata majina. Hata siku moja sikupunja sahani. Leo niwapunje niliowazaa? Na nikishakufa, watafungua, watakuta mchele, watasema, mama alijua." Akaisukuma bastola kwangu kwa ncha za vidole. "Toa."

Nimeona majenerali wastaafu wakiniletea bastola zao wamevaa nishani. Sijawahi kuona mtu amekaa wima kama yule mama na sweta lake na soksi zake. Nilisikia fahari kubwa, kwanza kwa ajili yake, halafu, nitasemaje, kwa ajili ya Tanga.

Nikaomba maji ya moto kwenye bakuli na kitambaa. Sikuiingiza bastola kwenye maji, Mungu apishe mbali. Nilipasha kitambaa, nikakikamua, nikaufunika mgongo wa silinda mpaka samli ikaanza kulegea, nikadondosha mafuta ya cherehani, nikangoja. Kisha kijiti. Punje moja, nyingine, nyingine. Mama akaleta sahani ndogo ya chuma akaishika chini ya mkono wangu ili hata moja isianguke sakafuni. Hatukuongea sana. Aliuliza kama bado ile mikate ya kumimina inauzwa Barabara ya Tatu, nikasema ilikuwepo mara ya mwisho nilipokwenda. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena.

Skrubu mbili zilibidi zilegezwe. Nikatoa bisibisi za baba. Nilipoiona silinda inatingishika kwa upana wa unywele, nikaiacha kwanza, nikafuta mikono. Halafu nikafumba macho, nikavuta nyundo kwa dole gumba.

Ikaja. Ikazunguka, ikajifunga, sauti safi ya chuma kukutana na chuma bila kitu kati. Nikairudisha taratibu, nikavuta tena, na tena, mpaka ikamaliza mzunguko. Hakuna ilipokwama. "Haya," nikasema kwa sauti, na nikamsikia baba.

Nikataja bei kwa Kiingereza ili mwana asikie. Sikuipandisha kwa sababu imenifurahisha, wala sikuishusha kwa sababu ya huruma. Nilikata sehemu kwa zile alama za koleo, na nikamwambia mhasibu kwamba hicho kilichokatwa ni cha kwake. Ile tika nyekundu sikuikatia kitu. Mnunuzi mwingine angeiita doa. Mimi niliiandika kama ilivyo, alama ya sikukuu ya familia, nikaweka na sahihi yangu.

Mama alisikiliza pauni zikitajwa, akaitikia kwa kichwa mara moja. "Nitalipa," akasema. "Nipeni mpaka Dasara. Msimu wa harusi unaanza, nitakaanga."

Mwanawe akafunga kompyuta. Alisema kwa Kiingereza kwamba mama ana magoti mabovu, kwamba wanaweza kuzungumza, kwamba si lazima. Mama akainua kidole kimoja tu, na mwanamume yule mwenye mvi akanyamaza kama mtoto. Alikuja mpaka pale tulipokaa, akasimama, akaitazama ile sahani ya chuma. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza kilekile, kama mchele wote umetoka.

Mimi na mama tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ametamka neno mchele kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, na zile punje zilizoganda na samli sahanini mtu asingezijua kwa macho.

"Kumbe unasikia!" mama akasema.

Akajibu, kwa Kiingereza, macho kwenye sahani, kwamba wazazi wake waliongea Kiswahili kila walipotaka kuwaficha watoto jambo, kwa hiyo kilikuwa ndicho kitu cha kwanza alichojifunza. Hakusema amesikia nini. Akachukua vikombe vyetu akaenda kuviosha.

Msimu ule yule bibi alikaanga. Alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya karai, mtu wa kumkatia vitunguu alikuwa mke wa mwanawe, na bajia zikatoka Harrow mpaka Hounslow. Mimi nikaagiza za sherehe ndogo ya ofisini kwetu, nyingi kuliko watu waliokuwepo, nikijua ninachofanya. Naye akajua ninachofanya. Alinitoza bei kamili, akaniwekea sahani sawasawa, wala haikuzidi hata bajia moja. "Sitaki ya huruma," akaniambia kwenye simu. "Zilikuwa nzuri?" Nikamwambia zilikuwa nzuri. "Najua," akasema.

Kabla ya Dasara alikuwa amekwisha kuwalipa wote wawili kupitia benki. Mdogo alizipokea. Mkubwa alijaribu kurudisha, mama akamwambia akirudisha tena hatamfungulia mlango, na huo mlango ni wa nani? Akanipigia simu kunialika. "Njoo na vile vyuma vyako," akasema.

Nilikwenda asubuhi, nimevaa gauni langu zuri. Sebuleni alikuwa ametandika kile kitambaa chekundu chini ya dirisha. Juu yake palikuwa na bastola katikati, na pembeni mwiko wa matundu wa kuopolea bajia, karai limesuguliwa mpaka linang'aa, na kompyuta ya mhasibu, imefungwa, imewekwa mahali pake kama mtoto mwenye adabu. Mama akanyoosha mkono. Nikampa bisibisi za baba, akazipanga kando ya mwiko wake.

Sijui dua zao, nilisimama tu nimekunja mikono. Alichovya kidole kwenye unga mwekundu, akautia mwiko, akautia karai, akaitia kompyuta. Alipofika kwenye mipini ya mpingo aliniuliza baba yangu alikuwa fundi wa nini. Nikasema cherehani. Akaitia tika moja moja, akabandika mchele, na mimi machozi yakanitoka hapo hapo mbele za watu, na sikuyafuta. Mzee wangu alifanya kazi maisha yake yote kwenye kibaraza cha duka la mtu, na hakuna aliyewahi kuviheshimu vyuma vyake isipokuwa yeye na mimi.

Mwisho akafika kwenye bastola yake. Akaifuta kwa kitambaa, safari hii samli kidogo tu. Akatia tika palepale pa zamani, juu ya lile doa la miaka yote. Akachukua mchele kwa ncha za vidole, akaunyanyua, mkono ukasimama hewani. Aliniangalia mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia abandike kwenye mpini.

Mwanawe alikuwa amepiga magoti kando yake. Akanyoosha mkono wake, akalaza kiganja chake juu ya lile pengo nyuma ya silinda, akalifunika lote.

"Weka, mama," akasema kwa Kiswahili.